Meza ya Fundi: Kushusha volti kubwa kwenye amplifaya ya valvu

Safari hii tumekusanya maswali ya jambo moja: namna ya kupunguza nguvu ya amplifaya ya gitaa uliyojiundia mwenyewe, ili valvu zitoe ile sauti nono ya kusukumwa bila mtaa mzima kuamka. Saketi inayofanya kazi hiyo mafundi wanaiita VVR (Variable Voltage Regulator). Ni mosfeti (aina ya transista) moja ya volti kubwa inayokaa kati ya rektifaya, yaani kinachogeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu, na valvu, na kitufe kimoja cha kuzungusha. Kabla ya yote: ndani ya chasisi hizi kuna volti 350 hadi 460 za mkondo mnyoofu, ndizo tunazoziita volti kubwa, na zinaua. Asiyezoea kupima kapasita kabla ya kugusa waya asianze na kazi hii.

Shikamoo fundi. Nimeunda amplifaya kwa mchoro wa Fender Champ 5F1: valvu ya mwanzo 12AX7 moja, valvu ya mwisho 6V6GT moja, rektifaya ya valvu 5Y3GT. Sauti tamu inakuja nikifungua voliumu kupita saba, na hapo majirani wanagonga mlango. Ni wati 5 tu! Naomba unieleze namna ya kuweka VVR, tangu mwanzo hadi mwisho. (Msomaji wa Tanga)

Marahaba. Wati 5 si kidogo. Spika ya gitaa ya kawaida yenye desibeli 97 kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1 inatoa desibeli 87 hata ikipewa wati 0.1, na hizo bado ni kelele chumbani. Sikio nalo huhisi sauti imepungua nusu pale tu nguvu inaposhuka mara 10. Ndiyo maana kuteremsha volti kidogo hakutakusaidia. Unahitaji kuweza kushuka sana.

Bahati yako ni kwamba 5F1 ndiyo amplifaya rahisi kuliko zote kwa kazi hii. 6V6 yako inajipa bayasi (volti ya gridi inayopanga mkondo wa valvu) yenyewe kupitia rezista ya omu 470 kwenye kathodi, mguu unaotoa elektroni. Volti kubwa ikishuka, mkondo unashuka, volti ya kathodi inashuka nao, na valvu inabaki imekaa sawa bila kurekebishwa na mtu.

Vifaa ni hivi. Mosfeti ya aina ya N ya volti 800 au zaidi: IRFBE30 inafaa, na STP10NK80ZFP ni bora zaidi kwa mwanafunzi kwa sababu mgongo wake umefunikwa plastiki. Potenshometa (rezista ya kitufe cha kuzungusha) ya omu 1M ya mstari mnyoofu, yenye kipenyo cha milimita 24. Usiweke zile ndogo za milimita 16: nyingi zimeandikwa volti 150 au 200, na hapa pana zaidi ya 400. Zena, yaani diodi ya kuzuia volti isizidi kiwango, ya volti 12 ya wati 1 (1N4742A). Transista moja ya BC547. Rezista mbili za 100k za wati 1, moja ya 4.7k ya nusu wati, moja ya omu 4.7 ya wati 1, na moja ya 220k ya wati 3. Kapasita moja ya mikrofaradi 0.1 ya volti 630. Mwisho, kapasita ya kwanza baada ya rektifaya, ambayo hapa nitaiita tangi, iwe ya volti 500. Usiruke hii ya mwisho; sababu yake inakuja.

Sasa waya. Leo waya chanya wa tangi unakwenda kwenye transfoma ya sauti na kwenye rezista ya 10k inayolisha skrini (gridi ya pili ya 6V6) na hatua za mwanzo. Ung'oe kutoka huko, uuingize kwenye dreni ya mosfeti (miguu yake ni mitatu: mkondo unaingilia dreni, unatokea sosi, na geti inauamuru). Sosi ya mosfeti inapita kwenye rezista ya omu 4.7, na ng'ambo ya rezista hiyo ndiyo volti yako mpya: hapo ndipo transfoma ya sauti na ile 10k zinapounganishwa. Kwa hiyo amplifaya nzima, isipokuwa hita (uzi unaopasha valvu moto), inashuka na kupanda pamoja.

Potenshometa: mguu wa juu kwenye tangi. Mguu wa chini kwenye rezista ya 100k, na rezista hiyo kwenye ardhi ya tangi. Mguu wa kati unapita kwenye 100k ya pili hadi kwenye nukta moja karibu na mosfeti. Kwenye nukta hiyo funga kapasita ya 0.1 kwenda ardhi ya tangi, kisha 4.7k kwenda kwenye geti. Hiyo 4.7k iguse mguu wa geti kabisa, isiache waya mrefu, la sivyo mosfeti inaweza kuanza kutetema kwa masafa ya redio na kupata moto bila sababu inayoonekana.

Zena inakaa kati ya geti na volti mpya, yaani ng'ambo ya ile omu 4.7. Ule upande wenye mstari uwe kwenye geti. Kazi yake ni kulinda geti, ambayo haivumilii zaidi ya volti 20 au 30 dhidi ya sosi. BC547 ni kikomo cha mkondo: besi kwenye sosi, emita kwenye volti mpya, kolekta kwenye geti. Mkondo ukifika kama miliampia 130, volti 0.6 inatokea juu ya omu 4.7, transista inafunguka na kuivuta geti chini. Amplifaya yako inakula kama miliampia 42 tu, kwa hiyo katika kazi ya kawaida BC547 imelala. Kikomo hiki kinakupa sekunde chache za kuzima swichi, hakikupi ruhusa ya kuacha shoti iendelee.

Rezista ya 220k ya wati 3 inafungwa moja kwa moja juu ya tangi, na hii ni lazima. Zamani ukizima amplifaya, valvu zenyewe zilimaliza chaji ya tangi. Sasa ukizima amplifaya kitufe kikiwa chini, mosfeti inazuia, na tangi linabaki limejaa. Kwa tangi la mikrofaradi 16 likiwa na potenshometa peke yake, inachukua karibu dakika nzima kushuka hadi volti 30. Ukiongeza 220k, ni sekunde 8 hivi. Mtu aliyezoea amplifaya ya zamani anaweza kuingiza mkono akidhani imekufa, kumbe iko hai.

Na tangi la volti 500? 5F1 inatumia transfoma ya 325-0-325. Valvu zikivuta mkondo, tangi linakaa karibu volti 340. Ukishusha kitufe, mzigo unapungua na tangi linapanda kuelekea kilele cha transfoma, ambacho ni volti 459. Kapasita ya 450 inaweza kuvimba.

Kuwasha mara ya kwanza: pitisha umeme wa ukutani kwenye balbu ya wati 40 iliyofungwa kwa mfululizo. Iwe balbu ya uzi wa kuwaka, LED haifai. Toa 6V6, unganisha spika, weka kitufe chini kabisa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, pana shoti. Ikififia, pima volti mpya na zungusha kitufe polepole: lazima ipande na kushuka bila kuruka. Kisha zima, subiri, rudisha 6V6, ondoa balbu. Tangi likiwa na 350 utapata kama 345 juu kabisa, 185 hadi 190 kitufe kikiwa katikati, na karibu 30 chini. Usishangae namba za katikati na chini zikizidi hapo. Ni tangi limepanda, kama nilivyoeleza. Kwenye nusu ya volti utakuwa na wati 1 hivi, kwenye robo kama 0.2.

Fundi, kwa nini nihangaike na mosfeti? Nina rigaleta ya feni ya dari, nishushe umeme wa ukutani wenyewe. Nasikia hata mpiga gitaa Eddie Van Halen alifanya hivyo. (Msomaji wa Morogoro)

Van Halen alitumia Variac, ambayo ni transfoma, na alishusha kiasi tu. Rigaleta nyingi za feni zinakata wimbi la umeme vipande vipande. Ukiiwekea transfoma ya amplifaya, transfoma inanguruma, inapata joto, na sauti inajaa mlio wa nyuki.

Hata ukiwa na Variac, tatizo ni hita. Watengenezaji wa valvu huruhusu volti 6.3 ya hita icheze kwa asilimia 10 hivi, yaani 5.7 hadi 6.9. Ukishusha umeme wa ukutani nusu, hita inapata 3.15, kathodi inapoa, na valvu inashindwa kutoa elektroni za kutosha. VVR inaiacha hita kwenye 6.3 siku zote, inashusha volti kubwa peke yake. Ndiyo faida yake kuu.

Habari za kazi fundi. Amplifaya yangu ina valvu mbili za mwisho za EL84 zinazosukumana, bayasi ya kathodi, mtindo wa Marshall wati 18. Nishushe amplifaya nzima au valvu za mwisho tu? (Msomaji wa Mombasa)

Njema, karibu. Hapa pana uamuzi wa kweli, na watu wanakosea kwa kushusha EL84 peke yake. Chukulia umeshusha volti hadi 80. EL84 sasa zinajaa kwa volti 2 au 3 za mawimbi kwenye gridi. Lakini valvu ya kugawa awamu (inayozipa EL84 mbili mawimbi yaliyopinduana) iliyo nyuma yake bado ina volti zake zote, na inaweza kusukuma makumi ya volti. Gridi za EL84 zinaanza kunywa mkondo, kapasita za kuunganisha zinajichaji vibaya, na kila unapopiga nyuzi kwa nguvu sauti inakabwa, inapotea, kisha inarudi ikikoroma. Wengi hudhani mosfeti ina kasoro, na kumbe mosfeti haina hatia.

Kwa hiyo shusha EL84, skrini zake, na mgawa awamu pamoja. Hatua za mwanzo ziache kwenye volti kamili: zivutie waya wao kutoka kwenye tangi lenyewe, kabla ya mosfeti, kupitia rezista ya 10k hadi 22k na kapasita yake ya mikrofaradi 16 au 22 ya volti 500. Hapo gitaa linaendelea kuitika kwa uhai ule ule mkononi. Lakini uwe na voliumu kuu kabla ya mgawa awamu, na uizoee: kila unaposhusha VVR, shusha na voliumu kuu kidogo. Vitufe hivi viwili vinaendeshwa pamoja.

Kushusha amplifaya nzima kunawezekana na ni rahisi zaidi. Hakuna uwiano wa kutafuta, ila sauti inakuwa nzito na butu kadiri unavyoshuka, kwa sababu 12AX7 nazo zinakosa nafasi ya kupumua. Kwa 5F1 nisingefanya vinginevyo: haina voliumu kuu, na 12AX7 yake inaifikia 6V6 moja kwa moja. Kwa yako, ningetenganisha.

Hesabu zako za mkondo ni tofauti. EL84 mbili zenye rezista ya kathodi ya 130 zinakula kama miliampia 85, ongeza 12AX7, sema 90. Rezista ya kikomo iwe omu 2.2 badala ya 4.7, ili ikate kwenye miliampia 270.

Fundi, mosfeti imenifia mara mbili. Nilitumia IRF840, nimeifunga kwenye chasisi kwa kipande cha mika. Ya kwanza iliondoka na mlio mara tu nilipowasha, ya pili ilidumu wiki. (Msomaji wa Bujumbura)

Mosfeti hizi zina njia chache za kufa, na zako mbili zinaonekana kufa kwa njia tofauti.

Ile ya kwanza, angalia skrubu. Mgongo wa IRF840 ni dreni, una volti zote za tangi. Mika, yaani ulanga, inautenga mgongo na bati, lakini skrubu inapita katikati ya tundu na kugusa vyote viwili. Lazima pawe na kipete cha plastiki chenye bega ndani ya tundu la mosfeti. Halafu pitisha kidole kwenye tundu la chasisi: kipande kidogo cha chuma kilichoachwa na drili kinatoboa mika kama sindano. Sugua tundu kwa drili kubwa zaidi hadi liwe laini pande zote mbili. Paka grisi ya joto nyembamba, funga, kisha kabla ya kuunganisha waya wowote pima kati ya mgongo na chasisi kwa mita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu. Isome wazi, yaani hakuna muunganisho. Ikisoma chochote, fungua upya.

Ile ya pili, sababu inayonijia kwanza ni volti. IRF840 ni ya volti 500. Kama amplifaya yako ni ya mtindo wa 5F1, rektifaya ya 5Y3 inapata moto ndani ya sekunde chache, 6V6 inachelewa. Katikati hapo hakuna anayevuta mkondo, na tangi linafika 459 kwa hesabu ya karatasi. Transfoma isiyo na mzigo inatoa zaidi ya maandishi yake, na umeme wa ukutani ukipanda kutoka 230 hadi 240 unaongeza asilimia 4 nyingine. Umeikaribia sana 500 bila kujua. Kila ukiwasha unaipiga. Nenda kwenye ya 800 au 900.

Joto nalo lipimwe kwa hesabu, usikisie. Mosfeti inachoma tofauti ya volti mara mkondo. Ikiwa juu kabisa haichomi kitu, ikiwa chini kabisa mkondo ni mdogo mno. Moto mkubwa uko katikati, na unakaribia robo ya volti kamili ukizidisha kwa mkondo kamili. Kwa 5F1 ni wati 4 hivi, kwa EL84 mbili ni 7 au 8. Wati 4 kwa mosfeti iliyoning'inia hewani, ambayo kila wati moja inaipandisha nyuzi 62, ni kifo cha uhakika. Wati hizo hizo ikiwa imebanwa kwenye chasisi ya alumini hazitishi. Iweke mbali na valvu za mwisho na transfoma ya umeme, kwenye upande ambao bati linabaki vuguvugu.

Jambo la mwisho: ncha ya mita ikiteleza na kugusisha volti mpya kwenye chasisi, mosfeti isiyo na kikomo cha mkondo inakufa kabla hujasikia mlio. Ndiyo maana siachi ile BC547 hata kama michoro mingine inaiacha.

Na mosfeti ikifa, kwa kawaida inakufa kwa kushikana dreni na sosi. Amplifaya itapiga kwa nguvu zote na kitufe hakitafanya kazi. Ukiona hivyo, usitafute kosa kwenye potenshometa. Ukiona kinyume chake, yaani volti mpya ni chache mno popote kitufe kilipo na mosfeti ni baridi kabisa, umegeuza zena. Inapitisha kwa upande usiotakiwa na geti haipati zaidi ya volti 0.7 juu ya sosi, wala mosfeti haifunguki.

Naweza kung'oa mosfeti kwenye televisheni mbovu? Huku dukani za volti 800 hazipatikani. (Msomaji wa Kigoma)

Unaweza. Pawasapulai za televisheni na deki za DVD mara nyingi zina mosfeti ya volti 600 hadi 900 upande wa umeme wa ukutani. Zilizoandikwa K na namba ni za Kijapani za jamii ya 2SK, nazo ni za aina ya N unayotaka. Soma karatasi ya data ya namba hiyo upate volti yake. Tahadhari na pawasapulai za kompyuta za zamani: 13007 na 13009 zilizomo humo zina miguu mitatu na sura ile ile, lakini ni transista za kawaida, hazitafanya kazi hapa.

Ipime kabla ya kuifunga. Ikikutazama kwa maandishi, miguu kutoka kushoto kwa kawaida ni geti, dreni, sosi. Mita kwenye alama ya diodi, waya mwekundu kwenye sosi, mweusi kwenye dreni: isome karibu 0.5. Geuza waya: isome wazi. Sasa chukua betri ya volti 9, gusisha hasi kwenye sosi na chanya kwenye geti kwa sekunde moja, uondoe. Dreni na sosi zisome zimeshikana pande zote mbili, na zibaki hivyo. Gusisha geti na sosi kwa bisibisi: zifunguke. Ikipita mitihani hii mitatu, ni nzima.

Amplifaya yangu ina valvu mbili za mwisho za 6L6 zenye bayasi ya kudumu (volti hasi isiyobadilika inayopelekwa kwenye gridi). Nimeweka VVR, nikishusha volti sauti inakwaruza kama redio isiyoshika stesheni vizuri. (Msomaji wa Nairobi)

Hilo si kosa la waya. Bayasi yako ya volti hasi imebaki pale pale wakati volti kubwa imeshuka. Kama 6L6 zilikuwa na 440 kwenye anodi na hasi 40 kwenye gridi, basi kwenye 220 zinataka kama hasi 20. Ukiziachia hasi 40 zimefungwa kabisa. Kila valvu inaamka kwenye ncha ya wimbi tu, na katikati ya wimbi hakuna anayefanya kazi. Hiyo ndiyo kwaruzo unayoisikia.

Bayasi lazima ishuke pamoja na volti. Wengi hukimbilia potenshometa pacha ya 1M na 1M, upande mmoja kwa volti kubwa, wa pili kwa bayasi. Ikiunganishwa hivyo moja kwa moja ni hatari: mguu wa kati una upinzani wa hadi 250k, ukijumlisha rezista za gridi umevuka kile 6L6 yenye bayasi ya kudumu inachokubali, ambacho ni 100k. Mkondo mdogo wa gridi unatosha kuisogeza bayasi kuelekea sifuri, na anodi zinaiva nyekundu.

Weka transista ya PNP ya volti kubwa katikati, MPSA92 inatosha. Kolekta kwenye bayasi ghafi, tuseme hasi 60, emita kwenye rezista za gridi na pia kwenye 47k kwenda ardhi, besi kwenye mguu wa kati wa upande wa pili wa potenshometa. Kisha rezista ya 2.2M kati ya besi na bayasi ghafi. Siku mguu wa kati wa potenshometa ukikatika, rezista hiyo inaivuta bayasi kwenye hasi na valvu zinapoa, badala ya kuungua. Pima bayasi na volti kubwa pamoja, katika nafasi tano za kitufe, uandike. Zikitofautiana kidogo, ziache zielekee kwenye ubaridi.

Kama huna mazoea ya kuchezea bayasi, sitakushawishi. Kwa amplifaya ya wati 40 au 50 yenye bayasi ya kudumu, kizuizi cha nguvu kinachokaa kati ya amplifaya na spika ni njia salama zaidi.

Nimeweka VVR kwenye Champ na inafanya kazi, lakini chini kabisa sauti ni nyembamba na inatoa mlio wa nzi. Nibadilishe nini? (Msomaji wa Muscat)

Sehemu ya unachosikia ni sikio lako. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Spika nayo haisogei vya kutosha kutoa ule uzito wake. Hakuna VVR wala kizuizi kitakachofuta hilo.

Unachoweza kurekebisha ni viwili. Mlio wa nzi unakuja pale 12AX7 inapofanya kazi kwa volti chache mno. Badilisha ile 100k iliyo chini ya potenshometa iwe 220k, na kiwango cha chini kitapanda kutoka 30 hadi karibu 60. Besi unaweza kuirudisha kwa kapasita ya mikrofaradi 22 ya volti 25 juu ya rezista ya 1.5k ya kathodi ya hatua ya kwanza, ambayo mchoro wa 5F1 umeiacha bila kapasita. Iweke kwenye swichi ndogo, ili ukipanda juu uiondoe. Kwenye nguvu kamili itakutia matope.

Kuna tofauti gani kati ya VVR na Power Scaling? Na mbona kitufe changu kinakwaruza nikikizungusha? (Msomaji wa Zanzibar)

Power Scaling ni jina la biashara la London Power ya Kanada, kampuni ya Kevin O'Connor. VVR ni jina lililoenezwa na Dana Hall kwa saketi yake ya mosfeti moja. Wazo la kushusha volti ni moja, saketi si zile zile.

Kitufe kukwaruza ni kawaida kwa kiasi, kwa sababu potenshometa hii ina volti ya mkondo mnyoofu wakati wote. Kikikwaruza sana, angalia kwanza kama ile kapasita ya 0.1 ipo na kama iko kwenye mosfeti. Ikiwekwa kule mbele kwenye potenshometa, waya mrefu wenye upinzani mkubwa unaokota mvumo njiani. Kisha fuata waya wa ardhi: 100k ya chini na kapasita hiyo zirudi kwenye hasi ya tangi. Ukizifunga kwenye ardhi ya tundu la gitaa, mkondo mchafu wa tangi unapita kwenye njia ya 12AX7, na utasikia mvumo wa hezi 100 ambao hautoki hata ubadilishe valvu zote.